Mbona Kamera Haikutoka Jikoni?

Juzi usiku nilikaa saa nzima na nusu nikitazama dokumentari ya mume na mke wanaoendesha mgahawa wa hadhi ya juu, nikainuka na hasira ambayo mpaka leo haijashuka. Jina la filamu silitaji, maana kosa lake nimeliona katika filamu nyingi za aina hii. Bango linasema wanandoa. Maelezo yanasema wanandoa. Mwanzoni kabisa tunawaona wote wawili wakifungua mlango asubuhi na kuwasha taa, kisha mmoja anaelekea jikoni na mwingine ukumbini. Kamera ikamfuata mume jikoni na haikutoka tena.

Mume tunamwona akiinamia sahani na kibano mkononi, akiweka jani juu ya kipande cha samaki, akilitoa, akiliweka tena. Tunamwona akionja mchuzi, akifoka, akiomba radhi, akilia. Mke tunamwona akipita nyuma yake na glasi mkononi. Tunamwona kwenye korido, simu sikioni, akizungumza na mtu tusiyemjua kuhusu jambo tusilolijua. Halafu usiku mmoja, kwa sekunde nne hivi, yuko peke yake kwenye meza ya pembeni, viti vingine vimeshapinduliwa juu ya meza, kompyuta iko mbele yake na rundo la karatasi kando. Sekunde nne, kisha tukarudi kwenye jani.

Na alipopewa nafasi ya kusema, aliulizwa nini? Aliulizwa kuishi na mtu anayeipenda kazi kiasi hicho kukoje. Aliulizwa watoto humwona baba yao saa ngapi. Akajibu kwa upole, akatabasamu, tukarudi jikoni. Filamu yenyewe inataja kwa sentensi moja kwamba nyumba yao iliwekwa rehani ili mgahawa ufunguliwe. Nyumba yao, si ya mume. Huyu ni mtu aliyeweka paa la wanawe benki, anayeajiri, anayelipa mishahara, anayesimama mlangoni kila jioni, na hakuna aliyemuuliza hata mara moja kazi yake ni ipi.

Nina sababu ya kuumia. Niliwahi kuhudumu meza kwa miaka miwili katika mgahawa wa namna hiyo, wa mume na mke. Mume tulimwita Shefu. Mke tulimwita Mama, hata wale waliomzidi umri. Niliingia pale nikiamini, kama watu wengi wanavyoamini, kwamba mgahawa ni jiko na sisi wengine ni miguu ya kupeleka sahani. Haikupita wiki nikagundua nilikuwa sijui chochote.

Jikoni hawaoni meza. Wao wana kikaratasi chenye namba ya meza na orodha ya sahani, basi. Menyu ya kuonja yenye sahani kumi au zaidi huchukua saa tatu, na katika saa hizo tatu wateja ni watu hai: mmoja anakula haraka kwa wasiwasi, mwingine yuko katikati ya mazungumzo mazito na mwanawe, wa tatu ametoka nje kupokea simu. Sahani ikitoka mapema, inapoa mbele ya kiti kitupu. Ikichelewa, mteja anaanza kutazama saa, na akishaanza kutazama saa umempoteza. Mama alikuwa akisimama mahali pamoja karibu na mlango wa jikoni, ambapo aliona meza zote, na kutoka pale aliuendesha usiku mzima kwa sauti ambayo mteja hakuisikia. "Meza ya nne bado wanaongea, wape dakika tano." "Meza ya pili yule mzee anatumia mkono wa kushoto, mgeuzieni visu." "Meza ya saba wamegombana, msiwamiminie tena mvinyo mpaka niwaambie." Shefu alikuwa fundi kwelikweli, namheshimu mpaka leo, lakini ufundi wake ulifika kinywani mwa mtu ukiwa bado moto kwa sababu kuna macho yaliyoamua ni dakika ipi.

Kuna usiku mmoja sitausahau. Alikuja mteja wa miaka mingi, mzee, ambaye kila mwaka tarehe ileile alikuja na mkewe. Safari hii aliweka nafasi ya mtu mmoja. Mimi niliona namba 1 kwenye daftari nikaandaa meza yao ya siku zote, nikaondoa kiti cha pili. Mama alipoiona alisimama kidogo, akaniambia nirudishe kiti, kisha akaandaa meza nyingine ndogo karibu na dirisha, ambapo mtu aliyekaa peke yake hutazama nje na si kiti kitupu. Akaingia jikoni, akamwomba Shefu asitoe ile sahani ya kugawana watu wawili ambayo wao walikuwa wakiipenda, atoe nyingine. Hakumwambia yule mzee neno lolote la pole. Mzee alikula mpaka mwisho, na alipoondoka alimshika Mama mkono kwa muda mrefu. Shefu alikuwa jikoni akisafisha jiko. Angekuwepo mtu wa kamera usiku ule, angekuwa jikoni pia.

Najua watakaonijibu. Chakula kinapendeza kwenye picha, hesabu hazipendezi. Moto unapendeza, karatasi ya mishahara haipendezi. Sawa, nakubali, na nakubali kwa shingo upande. Mwongozaji ana dakika tisini na lazima achague. Lakini kuandaa meza karibu na dirisha kunaonekana kwa macho. Mtu anayesimama mlangoni akisoma nyuso za watu arobaini anaonekana kwa macho. Yote hayo yanapigika picha na mtu yeyote atakayeamua kwamba nayo ni kazi.

Mzizi wa jambo hili ni mrefu kuliko filamu. Kampuni ya matairi ya Michelin ilitoa mwongozo wake wa kwanza wa wasafiri mwaka 1900, ikaanza kuipa migahawa bora nyota mwaka 1926, na ngazi za nyota mbili na tatu, tatu ikiwa ya juu kabisa, zikafuata mwaka 1931. Nyota hizo ndizo dunia nzima ya migahawa hii inazoziota, na wenyewe Michelin husema wazi kwamba nyota hutolewa kwa kilichomo ndani ya sahani tu: ubora wa viungo, ufundi, ulingano wa ladha, mkono wa mpishi unavyoonekana, na uthabiti wa siku hadi siku. Ukumbi hauhesabiwi. Huduma haihesabiwi. Starehe ya mahali imewahi kupewa alama zake nyingine za uma na kijiko, na siku hizi zipo pia tuzo za huduma, lakini si hizo zinazojaza meza, na si kwa ajili yake watu hulia mbele ya kamera. Kwa hiyo kama mume na mke wanagawana kazi, mmoja jiko na mmoja ukumbi, kipimo kikubwa kuliko vyote kinampima mmoja wao tu. Filamu imekuja imeazima kipimo hichohicho na kukifanya kuwa hadithi.

Na historia inakataa. Fernand Point, wa mgahawa wa La Pyramide pale Vienne, Ufaransa, ndiye mpishi ambaye wapishi wakubwa wa kizazi kilichofuata walipita mikononi mwake, Paul Bocuse akiwa mmoja wao, na ndugu wawili Troisgros. Alipata nyota tatu mwaka 1933. Alifariki mwaka 1955. Ungetarajia nyota zife naye. Mjane wake, Marie-Louise, aliyejulikana zaidi kama Mado, aliuendesha mgahawa ule kwa miaka zaidi ya thelathini, hadi alipofariki mwaka 1986, na nyota tatu zilibaki mlangoni. Miaka zaidi ya thelathini! Mume aliziweka kwa miaka 22. Niambieni basi ni nani aliyekuwa nguzo ya nyumba ile, na kwa nini jina la Fernand linajulikana na kila mwanafunzi wa upishi huku la Mado likiwa la kudokezwa tu.

Au Bernard Loiseau, mpishi wa nyota tatu pale Saulieu, Burgundy, Ufaransa. Mwezi Februari 2003 alijitoa uhai. Mwongozo mwingine wa migahawa, Gault & Millau, ulikuwa umemshusha kutoka alama 19 hadi 17 kati ya 20, na magazeti yalikuwa yakinong'ona kwamba nyota ya tatu iko hatarini. Nyota ile mwaka ule haikuondolewa. Yote yaliyoandikwa baada ya hapo kuhusu shinikizo la jikoni yalistahili kuandikwa, na bado yanastahili. Lakini mtu aliyebaki na kampuni iliyokuwa imeandikishwa kwenye soko la hisa, na wafanyakazi, na watoto watatu, alikuwa Dominique, mke wake. Alichukua usukani katika msiba wenyewe. Yeye na mpishi Patrick Bertron waliilinda nyota ile ya tatu mpaka mwaka 2016. Kila nikisoma habari za nyumba ile naona kurasa nyingi za siku moja ya Februari, na mistari michache ya miaka 13 iliyofuata.

Nisije nikaeleweka vibaya kwamba hili ni la wanawake peke yao. Katika mgahawa wa Hiša Franko, kule Kobarid, Slovenia, ni Ana Roš aliyeingia jikoni, naye hakuwahi kusoma upishi, alisomea diplomasia. Mgahawa ulikuwa wa wazazi wa Valter Kramar, mwenzi wake wakati ule, na ni Valter aliyeshika mvinyo na jibini na ukumbi. Dunia ikamjua Ana, kwa haki kabisa. Nyota tatu zilifika mwaka 2023. Lakini hata pale aliyeshika ukumbi alibaki kivulini, na safari hii alikuwa mwanamume. Jiko ndilo linaloona jua. Basi kwa kuwa mara nyingi mno mke ndiye anayepewa ukumbi, mke ndiye anayefutika.

Kuna wanaogawana kwa namna nyingine. Kyle na Katina Connaughton wa mgahawa wa SingleThread, Healdsburg, California, yeye mke ni mkulima: shamba lao ndilo linaloamua mume apike nini. Pale angalau hakuna awezaye kusimulia sahani bila kulitaja shamba.

Kinachonikera kuliko vyote ni kwamba kwa kumficha mke, filamu inaficha ukweli wa biashara yenyewe. Migahawa hii ina viti vichache na mikono mingi. Noma ya Copenhagen, ambayo ilitajwa mara tano kuwa mgahawa bora duniani, ilikuwa ikitegemea pia wanafunzi wa kazi wasiolipwa, ikaanza kuwalipa mwishoni mwa mwaka 2022, na Januari 2023 mpishi wake mkuu, René Redzepi, akatangaza kwamba mtindo ule wa kazi hauwezi kuendelea. Kama Noma hesabu zilikuwa ngumu, mgahawa mdogo wa mume na mke unasimama kwa nini? Unasimama kwa sababu mmoja wao anafanya kazi ya watu watatu na hajilipi mshahara. Ndiye meneja wa ukumbi, ndiye mhasibu, ndiye anayempigia simu mwenye samaki kumwomba subira ya wiki moja. Angeajiriwa mtu kwa kila kazi hiyo, mlango ungefungwa mwezi uleule. Ndoa ndiyo mtaji. Filamu nzima imezungumzia shauku, ndoto na ubunifu, na mtaji wenyewe umepita nyuma ya picha umebeba glasi.

Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Mwongozaji alikuwa na mafiga yote mbele yake, akapiga picha moto.

Kuna tukio filamu ililiandaa kama kilele. Simu inalia, habari njema imefika, nyota imepatikana. Jikoni wanarukaruka, Shefu anafunika uso kwa mikono, vijana wanamkumbatia. Kamera inazunguka, inazunguka, ikitafuta machozi. Mke anaingia dakika moja baadaye, aproni hana, kalamu iko nyuma ya sikio. Anamkumbatia mumewe, anamnong'oneza kitu, anatoka. Sauti ya kile alichonong'ona haikuchukuliwa. Kinasa sauti kilikuwa kwenye aproni ya mume, na muziki ulikuwa umeshaanza.

Nimeirudisha filamu nyuma kwenye zile sekunde nne za usiku. Nimeisimamisha. Kando ya kompyuta, juu ya rundo la risiti, kuna karatasi moja yenye miduara iliyochorwa kwa mkono, na ndani ya kila mduara kuna namba na neno moja au mawili yasiyosomeka vizuri. Ni mpango wa meza za kesho yake. Mduara mmoja umekatwa kwa mstari, ukachorwa upya pembeni, karibu na dirisha.