Wembley wanacheza juu ya bwawa, sisi Majestic tumeiachia mvua

Nilikuwa kwenye foleni ya ukumbi wa Wembley, London, na mpwa wangu, tumekwenda kusikiliza wanamuziki anaowajua yeye na mie siwajui, mara kijana mmoja nyuma yetu, kwa lafudhi yake Mzanzibari mwenzetu, akasema: "Jengo baya hili, kama bohari la karafuu!"

Nikacheka peke yangu. Kwa karafuu hakwenda mbali. Kwenye Maonyesho ya Himaya ya Mwingereza ya 1924, hapo hapo Wembley, Unguja ilikuwa na sehemu yake ndani ya banda la Afrika Mashariki, na ukumbi huu ulikuja kujengwa palipokuwa na ziwa la maonyesho hayo.

Wengi wanaoruka mle ndani hawajui kuwa wanaruka juu ya bwawa la kuogelea. Ukumbi ulifunguliwa mwaka 1934 ukiitwa Empire Pool, kwa ajili ya Michezo ya Himaya ya mwaka ule. Mhandisi Owen Williams alivusha zege mita 72 hivi bila ya nguzo hata moja katikati; yale mapezi ya zege yaliyosimama nje, yaliyomchukiza kijana wetu, ndiyo uzito unaolisaidia paa kusimama. Joto likiwapo watu waliogelea, baridi ikija wanateleza kwenye barafu. Walioogelea mwisho ni wanamichezo wa Olimpiki ya 1948. Baada ya hapo yamepita hoki ya barafu, ndondi, maonyesho ya farasi, Beatles, na Olimpiki ya 2012 ikaleta mpira wa vinyoya. Mwaka 2006 wakamaliza ukarabati mkubwa, mlango mkuu wakauhamisha kutoka magharibi kwenda mashariki ili uelekee uwanja mpya wa mpira. Jengo lile lile, kila kizazi kinalipa kazi yake.

Hapo ndipo roho inaponiuma. Sinema yetu ya Majestic, pale Vuga, Unguja, iko wapi? Sinema ya Royal iliungua, ikajengwa Majestic mwaka 1955, watu wakavaa nguo zao za Idi kwenda kutazama filamu za Kihindi. Leo nani hajui hali yake? Paa limeporomoka, mvua inaingia inapotaka. Wapo wanaopigania ifufuliwe, Mungu awape nguvu. Ya Beit el Ajaib, lile jumba la masultani, sitaki hata kuanza; ilivyoporomoka upande Disemba 2020 bado inaniuma.

Najua mtakavyonijibu. "Huyo keshapata pasi ya Mwingereza, sasa kila cha kwetu kibovu." La, jamani. Nimekulia Kikwajuni, vumbi lile bado liko kifuani mwangu. Na hawa Waingereza siwatukuzi. Banda letu la 1924 halipo, na ile minara miwili ya uwanja wa zamani waliibomoa mwaka 2003 bila ya kutoa chozi. Ukumbi huu wenyewe umeingia kwenye orodha ya majengo yanayolindwa kisheria tangu 1976, lakini jina wanaliuza kama samaki mnadani: Wembley Arena, kisha SSE, sasa OVO. Makampuni ya umeme! Beit el Ajaib ilisifika kwa taa za umeme zamani hizo, na hakuna aliyeibandika jina la muuza umeme.

Mwengine atasema: wao wana pesa, na pesa zenyewe walizipata kwetu. Empire, yaani himaya, lilikuwa jina lake, hawakuficha. Lakini anayeliweka paa lile leo ni mnunuzi wa tiketi, mimi na mpwa wangu tukiwemo, na bei zao si za mchezo. Jengo lina kazi usiku, kwa hivyo linatengenezwa mchana.

Na msiniambie sisi hatuwezi. Ngome Kongwe waliijenga Waomani kwa vita, ikawa jela, ikawa karakana ya reli ya Bububu, ikawa pahala pa wanawake kucheza tenisi, na tangu 2004 tamasha la Sauti za Busara linapiga muziki mle mpaka usiku wa manane. Hiyo ndiyo Wembley yetu, tena kwa umri imeipita kwa zaidi ya karne mbili! Shida yake haina paa. Busara wanaiweka Februari. Ya masika nani anayajibu?

"Filamu siku hizi ziko kwenye simu, Majestic ataingia nani?" Mbona Wembley hakuna anayeogelea, na milango haifungwi? Vijana wametoka Dhow Countries Music Academy, chuo chetu cha muziki, na ganuni na fidla zao, taarab wanaijua, wapigie wapi, kikundi kizima, mwezi wa Aprili mvua ikinyesha? Wengi wanaishia kwenye kona ya hoteli, wanampigia mtalii anayemenya kamba.