Miezi Mitatu Natafuta Pa Kuandikia

Mimi ni dereva wa tuktuk hapa Kisumu. Siku za kazi niko Kondele na mjini, na Jumapili nashinda Kibuye nikibeba watu na magunia, na saa nyingine gunia ndilo lenye adabu zaidi. Kazi hii inajaza mtu hadithi. Nimembeba bwana harusi aliyebishania shilingi ishirini hadi mlangoni pa kanisa, bibi harusi akimtazama. Nimembeba mama na jogoo wake. Jogoo akashuka njiani bila kuaga, mama akanidai mimi. Nikaisimulia hiyo ya jogoo pale steji, wenzangu wakacheka hadi mmoja akamwaga chai. Akafuta suruali akaniambia, "Omera, hizi vitu andika. Fungua blogu."

Chai yenyewe ilikuwa yangu. Ningenyamaza hapo tu, nikadai chai yangu, ningekuwa mtu mwenye usingizi hadi leo.

Nikamwendea mpwa wangu, anayefanya kazi kwenye saiba. Nikamwambia nataka kuandika. "Sawa, mjomba. Kwanza chagua jukwaa." Mimi jukwaa ninalolijua ni lile la mbao, linalotikisika mheshimiwa akianza kurukaruka. Kumbe na maneno ya jogoo yanahitaji lake.

Akaanza na Blogger. Ilizaliwa 1999, Google wakainunua 2003, na hulipi hata ndururu. Nikamwambia basi, funga hesabu, nifungulie hiyo. Kijana akakunja uso. "Lakini siku hizi watu wako WordPress."

Hiyo nayo ilianza 2003, na ndiyo iliyoniharibia Agosti yote, kwa sababu ziko mbili. Moja ina .com mkiani, nyingine .org. Ya .com unafungua akaunti, wenyewe wanakuhifadhia, unaanza. Ya .org unapewa programu, halafu pa kuiweka ujitafutie: ulipie seva, yaani kompyuta ya kuihifadhia, ulipie jina la ukurasa kila mwaka, usasishe mwenyewe, na wezi wakiingia ulie mwenyewe. Ni kama abiria akuambie umpeleke Kisumu Ndogo. Ipi? Ya Kibera au ya Malindi? Naye anakujibu, "Hiyo tu," tayari ameshaketi.

"Lakini programu ni bure, mjomba." Bure hiyo naijua. Shemeji yangu aliwahi kunipa mbuzi wa bure, mradi nimfuate Homa Bay. Nilipojumlisha nauli yangu, nauli ya mbuzi, kibali cha kumsafirisha na soda za wale wa kizuizini, niliona mbuzi huyo angeweza kusomeshwa hadi kidato cha nne. Bado yuko huko. Nasikia ana wajukuu.

Sasa mnielewe. Tuktuk ninayoendesha si yangu. Kila jioni napeleka hesabu, mvua inyeshe isinyeshe, na siku mwenyewe akiamka na hasira zake anachukua ufunguo, mimi natembea kwa miguu kurudi Manyatta kama mtu wa mazoezi. Kwa hivyo swali langu kwa mpwa lilikuwa moja: na huko mwenye chombo akichukua ufunguo, jogoo wangu atakuwa wapi?

Akacheka. Kisha akachungulia simu, akaacha kucheka. Kulikuwa na GeoCities, watu wakajenga kurasa zao humo kama mji mzima; 2009 ikazimwa, wakabaki Wajapani peke yao na taa. Kulikuwa na Posterous. Twitter wakainunua 2012, 2013 wakaifunga. Typepad ilivumilia tangu 2003, nayo ikafunga 2025. Na Tumblr? Tumblr Yahoo waliinunua 2013 kwa dola bilioni 1.1. Mwaka 2019 ikauzwa tena, kwa bei ambayo magazeti yalisema haikufika dola milioni 3. Hapa mtaani kuna mtu aliingiza tuktuk yake mpya mtaroni wiki ya kwanza, akaiuza kwa watu wa vyuma, kwa kilo. Tulimcheka sana. Nimemtafuta nikamwomba msamaha.

Tena kuna bwana mmoja, Evan Williams. Alikuwa mmoja wa walioanzisha Blogger. Akauza. Akawa mmoja wa walioanzisha Twitter. Halafu 2012 akaanzisha Medium, mahali pengine pa kuandikia. Huyo mimi namfahamu bila kukutana naye. Ni makanga anayekuvuta mkono, "Panda hii, mzee, inajaa hii!", na ukishaketi, ukichungulia dirishani, unamwona yuko kwenye mlango wa gari la mbele akiita watu.

Substack ilinivutia kidogo. Imekuwepo tangu 2017, inapeleka maandishi yako kwenye barua pepe za wasomaji, na ukiamua kuwatoza, wao wanakata asilimia 10. Nikamweleza mama watoto usiku ule kwa uchungu: asilimia kumi! Hata hawajui pancha ni nini! Aligeukia ukutani akaniuliza, "Kumi ya ngapi?" Nikapiga hesabu gizani. Kumi ya sifuri. Nikazima simu nikalala.

Habari za rangi na mapambo sizisemi. Jueni tu kwamba wiki tatu zilikwenda, na nikaamua kijani.

Na katika muda wote huo, neno moja sijaandika. Hata jogoo. Wiki jana nimebeba kijana kutoka Mamboleo, akaniambia, "Mzee, umesikia ile ya dereva na bata mzinga?" Akanisimulia hadithi yangu! Jogoo amekuwa bata mzinga, mama amekuwa chifu, na dereva, yaani mimi, nimekuwa mlevi niliyelipa shilingi elfu mbili na kuomba radhi nikiwa nimepiga magoti. Sikulipa chochote! Nikamwambia kijana hadithi hiyo haikuwa hivyo. Akanitazama kwenye kioo, akasema, "Wewe ulikuwepo?" Akashuka akicheka, na nauli akapunguza shilingi kumi.

Jana usiku nikasema basi. Nikarudi kwa ile ya kwanza kabisa, Blogger, kwa sababu moja ya kitaalamu: bando lililobaki lilitosha kufungua ukurasa mmoja. Nikaandika jina. Jina hilo nimelificha miezi mitatu, hata mpwa sikumtajia, asije akaliiba.

Likakataa. Lina mwenyewe.

Nikaenda kumtazama mwizi wangu. Ukurasa ni wa kijani, kijani kile kile. Una habari moja tu, ya mwaka 2011: "Karibuni nyote. Mimi ni dereva hapa Kisumu na nina hadithi nyingi sana. Nilichelewa kidogo kuchagua pa kuandikia. Kesho naanza."