“Afadhali sukari kuliko mashini”: ni kweli, lakini mutu aambiwe mbele

Waganga wa figo wanasemaka hivyo: afadhali ugonjwa wa sukari kuliko kurudi kwa mashini ya kusafisha damu. Yaya yangu walimupandikiza figo kule India, akarudi hapa Bukavu na sakoshi nzima ya dawa. Miezi mitatu haikupita akaanza kuamuka usiku mara tano kwenda kukojoa, kiu haiishi, na sisi tukafurahi tukisema ona, figo mupya inatumika. Kila asubui tulikuwa tunamupima sukari na kamashini ka nyumbani, inatoka 98, siku ingine 104, basi tunatulia. Siku moja binti yake akamupima saa kumi ya mangaribi, ikatoka 263, juu sana.

Hiyo asubui na hiyo mangaribi njo zinaonyesha namna dawa inafanya. Predinizoni, moja ya dawa za kuzuia mwili usiitupe figo mupya, anaimeza akiamuka, inasukuma maini yatoe sukari mingi kwa damu na inafanya mwili usisikie insulini, nguvu yake inapanda toka mchana mpaka mangaribi, usiku inapoa, kwa hiyo ukipima asubui tu unadanganyika kabisa. Halafu kuko takrolimusi, ile kinini ya asubui na usiku, yenyewe inafunga kitu kinaitwa kalisinerini ndani ya askari wa damu ili wasishambulie figo ya mugeni, lakini kalisinerini ileile iko pia kwenye kongosho, pale insulini inatoka, njo maana kongosho nayo inalegea. Moja inafanya insulini isisikiwe, ingine inafanya itoke kidogo. Mutu akiwa amepita miaka 40, ao iko na kilo mingi, ao baba yake alikuwa na sukari kama baba yetu, inamukamata haraka zaidi.

Sasa kuko watu kwa familia, na hata kanisani, waliposikia hivyo wakasema basi aache iyo dawa, anameza sumu. Naelewa uchungu wao lakini hapo nakataa na nguvu zote. Mutu wa kwanza figo ya kupandikizwa ikamukamata vizuri, Boston 1954, alipewa na pacha wake wa kufanana kabisa, mwili wake haukuona mugeni. Sisi wengine hatuna pacha, bila dawa mwili unaitupa figo. Na kwa takrolimusi hesabu ziko: utafiti mukubwa wa 2007, wagonjwa 1645, wale wa takrolimusi ya doze ndogo figo ilishambuliwa kwa watu 12 hivi kati ya 100, wale wa siklosporini, dawa ya zamani, 24 na zaidi. Ni mara mbili. Mwaka uleule utafiti mwingine ukaonyesha upande wa pili: ndani ya miezi 6 sukari iliharibika kwa 33.6% ya watu wa takrolimusi, na 26% ya watu wa siklosporini.

Waganga wakiangalia izo zote wanasema afadhali sukari kuliko kurudi kwa mashini. Nakubali. Sukari iko na dawa, na ile mashini ya kusafisha damu ni mara tatu kwa wiki, masaa mane mane, na kila mara ni pesa. Lakini ile neno inasemwaka haraka sana, na mwenye kuisema si yeye ataishi nayo. Sukari isipochungwa inarudi kula figo ileile tuliyouzia shamba, inagusa moyo, inagusa macho, na kidonda kidogo cha muguu kinakawia kupona kwa mutu ambaye kinga yake tumeishusha sisi wenyewe. Na huku kwetu bandeleti za kupima unahesabu moja moja, insulini inaomba frigo, na umeme unaweza kwenda siku mbili.

Njia za katikati ziko, na kila moja iko na bei yake. Kushusha predinizoni kunasaidia, ila wakiitoa kabisa mapema figo inashambuliwa zaidi. Kubadilisha takrolimusi kwenda siklosporini inawezekana kwa mutu fulani, lakini munganga njo apime, si shemeji. Kuko belatasepti, dawa ingine ya kulinda figo, iliruhusiwa Marekani 2011, haileti sukari vile, lakini ni ya kupitisha kwa mushipa kila mwezi na bei yake hapa hata tusiizungumuze.

Kitu kinaniumiza ni hiki: kule walimupasua na hapa walimupokea, hakuna mutu alitaja neno sukari mbele. Dakika tano zingetosha. Pima mangaribi pia. Ukiharisha, na huku tunaharisha, takrolimusi inaweza kupanda kwa damu, kimbia ukapime. Kile kipimo cha damu kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu (HbA1c) kinaweza kudanganya mwanzoni, juu damu ya mugonjwa bado ni kidogo ao aliongezewa ya watu. Haya yote nimeyajua nikitafuta mwenyewe usiku na simu, wakati yaya amelala na mudomo umekauka.

Walimushushia predinizoni mpaka miligramu 5, wakamuwekea insulini ya asubui, takrolimusi hawakuigusa. Bugali amepunguza, sombe na sambaza anakula. Kaye iko juu ya meza, tangu mwezi jana binti amechora safu ya pili pembeni ya ile ya asubui. Jana mangaribi aliandika 152.