Wasifu wa Mheshimiwa na Suruali Yangu

Leo asubuhi nimenunua vitumbua vinne, nikafungiwa kwenye uso wa diwani wetu. Sisemi kwa mafumbo. Msimu wa uchaguzi wa 2025 umefika, mheshimiwa kachapisha wasifu wake kata nzima, na kachapisha kwenye ile karatasi ngumu inayoteleza. Karatasi ya aina hiyo hainyonyi mafuta. Mafuta yanazunguka kidogo, yanaona hayana pa kwenda, yanahamia kwenye suruali. Nimefika kituoni paja linang'aa, konda kaniangalia: "Mzee, wewe pita nyuma kabisa, usije ukanipakia abiria mafuta."

Nikapita nyuma. Daladala ikakwama palepale inapokwama kila siku, na mimi nikiwa sina cha kufanya nikaanza kumsoma mheshimiwa.

Elimu: "Anajua kusoma na kuandika Kiswahili na Kiingereza." Sheria inamtaka diwani ajue mojawapo tu, kwa hiyo hapo amezidisha, lazima tumpongeze. Uongozi: "2010–2015, Diwani. 2015–2020, Shughuli Binafsi. 2020 hadi sasa, Diwani wa Jiji."

Shughuli binafsi! Mwaka 2015 tulikuwepo jamani. Ule mwaka wa mafuriko, ya watu wa Ukawa, ule muungano wa vyama vya upinzani, barabarani, na ya maji kwetu chumbani. Mheshimiwa alipigwa mchana kweupe na kijana wa upinzani ambaye hata koti lake la kampeni aliazima. Yule kijana naye akakaa, akakaa, ikafika 2018 akaamka asubuhi anaunga mkono juhudi za rais. Akajiuzulu, akavaa kijani cha CCM, uchaguzi mdogo ukaitishwa, akarudi kwenye kiti kilekile alichokiacha. Mheshimiwa wetu, aliyevumilia miaka mitatu akisubiri kulipiza kisasi, akakuta adui yake kaketi naye benchi moja, shati moja. Mwaka 2020 wakakutana kwenye kura za maoni ndani ya chama, mheshimiwa akapita. Agosti ikafika, mpinzani akaambiwa amekosea kujaza fomu, mheshimiwa akapita bila kupingwa. Hilo la bila kupingwa limeandikwa kwa wino mwekundu, kama matokeo ya mtoto aliyekuwa wa kwanza kwenye darasa la mtu mmoja.

Na hilo la "Diwani wa Jiji" nalo msibabaike. Hakuhama. Februari 2021 Hayati Magufuli alivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa ndiyo Jiji. Tulilala tuko manispaa, tukaamka tuko jijini. Mheshimiwa alipanda cheo akiwa usingizini, na mfereji wetu nao ukapanda, sasa ni mfereji wa jiji. Harufu haikupata taarifa.

Chini kidogo ndipo nilipotaka kushuka kwenye gari: "Ni mtu wa watu, hushiriki misiba."

Anashiriki, ndiyo. Wiki mbili zilizopita tumemzika mzee wetu wa nyumba ya nne. Tumerudi makaburini, jua la saa nane, ubwabwa umeiva, mimi ndiye kamati ya chakula, upawa ninao mkononi. Nikafunua sufuria. Nikasikia honi. Mheshimiwa huyo, na watu wanne: mmoja wa mwavuli, mmoja wa bahasha, mmoja wa kupiga picha, na wa nne sijajua kazi yake mpaka leo. Msemaji wa familia akasema, "Tumpe mheshimiwa dakika mbili, atoe pole." Nikafunika sufuria.

"Ndugu wafiwa," akaanza, "marehemu nilimfahamu mwaka 2010. Mwaka ule wengi hawakuniamini. Lakini marehemu alinipigia kura."

Mjane akamnong'oneza dada yake, na kwa kuwa watu wamenyamaza kwa huzuni, tukasikia wote: "Sisi si tumehamia hapa 2016 kutoka Kilosa?"

Mheshimiwa hakuyumba. "Mwaka 2015, kura zilipokosa kutosha, marehemu alilia."

Nyuma ya turubai mtu akasimama. Yule kijana wa koti la kuazima, siku hizi kitambi kimemtoka. "Taarifa, mheshimiwa!"

Jamani, taarifa kama bungeni! Msibani!

"Taarifa ninayotaka kumpa mzungumzaji," akasema, "ni kwamba mwaka 2015 marehemu alinipigia mimi."

Mheshimiwa akasema taarifa hiyo haipokei. Wakaanza kugombania kura ya mtu tuliyemfukia nusu saa iliyopita, na ambaye mwaka huo alikuwa analima Kilosa. Vijana wa bodaboda wakapiga kelele, "Kura ni siri!" Sheikh akatazama saa, akatazama sufuria, akanitazama mimi. Nilimwelewa. Chini kulikuwa kumeanza kunukia ukoko. Nikajiambia: bwana wewe ni mtu mzima, una heshima zako, tulia. Nikatulia mpaka mheshimiwa alipofika "na mwaka huu tena naomba ridhaa yenu", nikagonga sufuria na upawa mara tatu, kwaaa, kwaaa, kwaaa. Watu wakadhani ni makofi, wakapiga makofi. Akashukuru, akaongeza dakika kumi.

Bahasha tulipoifungua kulikuwa na noti ya elfu kumi moja na wasifu tatu.

Mimi siasa sina. Mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri nilishaisamehe: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za wenye ulemavu, na mimi mzee mzima mwenye suruali ya mafuta sina fungu. Gari la taka wiki ya tatu sasa halijaonekana, ila mwenye risiti za taka yeye hakosi. Sawa. Lakini binti yangu alianza darasa la kwanza 2020 anavuka ule mfereji kwenye ubao. Leo yuko la sita, anavuka ubao uleule, viatu kashika mkononi, na mvua ikinyesha mama yake anasimama mlangoni hasemi kitu mpaka amuone ng'ambo. Ubao ule umetumikia kata hii bila kukosa hata siku moja, na haujawahi kutuletea kalenda.

Basi, nikageuza karatasi. Imeandikwa: "Miradi niliyotekeleza, tazama ukurasa wa 2." Ukurasa wa pili haupo! Jioni nikarudi kwa mama wa vitumbua. Akasema, "Huo nimemfungia Baba Zuwena, vitumbua sita." Nikaenda kwa Baba Zuwena.

"Nimeshautupa, jirani. Uko kwenye taka."

"Taka zipi?"

"Hizo hapo nje. Gari si halijaja."

Nikashukuru Mungu, nikakunja mikono ya shati. Gunia la kwanza maganda ya ndizi tupu. La pili ndiyo naanza.