Tope la Hombolo: tupime fosforasi yote au inayolika tu?

Mvua za Desemba zikianza Dodoma, maji yanayoingia bwawa la Hombolo huwa na rangi ya chai ya maziwa. Huo ni udongo wa mashamba, wa njia za ng'ombe, na siku hizi wa viwanja vya mji unaopanuka. Ndani yake imo fosforasi. Shambani ni rutuba. Bwawani hunenepesha mwani mpaka maji yanafunikwa na utando wa kijani. Sampuli ikifika maabara, je, ipimwe fosforasi yote, au ile tu ambayo mwani unaweza kuila?

Wanaotaka ipimwe yote si wavivu wa kufikiri. Udongo unachemshwa kwa tindikali kali, namba inatoka, na namba hiyo unaweza kuilinganisha na ya miaka kumi ijayo. "Inayolika" haina sura moja. Kipimo cha udongo cha Bray cha 1945 hutumia tindikali, cha Olsen cha 1954 hutumia bikaboneti (chumvi ya jamii ya magadi), na udongo ule ule hutoa majibu tofauti. Kwenye udongo wenye chokaa, chokaa huimaliza nguvu tindikali ya Bray, ndiyo maana huko hutumika Olsen. Kama mkulima ameweka fosfeti ya Minjingu (mbolea ya mwamba uliosagwa), tindikali huyeyusha hata chembe ambazo mzizi haujazifikia, na shamba linaonekana limeshiba kumbe lina njaa.

Hata hivyo, kwa mito yetu ya msimu, namba ya jumla inaweza kumsingizia mtu. Mafuriko ya tope hubeba fosforasi nyingi iliyong'ang'ania chuma kilichomo kwenye udongo na udongo wa mfinyanzi, na mwani hauifikii kwa urahisi. Maji taka yanayovuja yanaweza kubeba kidogo kwa hesabu, lakini sehemu kubwa imeyeyuka tayari, ni kama ugali uliokwisha songwa. Ukitazama jumla peke yake utamfuata mwenye shamba la mtama na kumwacha mwenye shimo la choo linalovuja.

Tatizo jingine ni kwamba Bray na Olsen vilibuniwa kwa ajili ya mazao. Mkulima wa mahindi huhesabu miligramu kadhaa kwa kilo ya udongo. Mwani huleta shida kwenye sehemu za mia za miligramu kwa lita ya maji. Mimi navutiwa zaidi na karatasi iliyopakwa oksidi ya chuma (aina ya kutu): inatikiswa pamoja na udongo ndani ya maji, inaivuta fosforasi kidogo kidogo, karibu na namna kiumbe hai kinavyoivuta, na haijali sana kama udongo una tindikali au chokaa.

Kwa mashamba na makorongo, basi, nachagua inayolika. Tope la chini ya bwawa ni habari nyingine. Oksijeni ikiisha kule chini, chuma huachia fosforasi iliyokuwa imeishikilia. Ile ambayo Februari uliiandika "hailiki" inaweza kuwa chakula Oktoba, maji yakiwa yamepungua na upepo wa Dodoma unakoroga tope. Bwawa lililojengwa 1957 limejiwekea akiba ya miongo mingi. Hapo nataka jumla, na nataka pia kujua ni kiasi gani kimefungwa na chuma.

Gharama ya vipimo hivi itabishaniwa, na ni haki. Lakini hata kipimo cha bei ghali huharibiwa na jambo dogo: sampuli ya tope kuanikwa juani kama udongo wa shambani. Chuma kikipata hewa hushika fosforasi upya, na maabara inajibu kuhusu tope ambalo halipo tena bwawani. Lijazwe kwenye chupa hadi juu, lifungwe, liwekwe kwenye barafu, na lipimwe likiwa bichi.