Kizimba kikifurika, mkaguzi aulizie na lori

Kila mvua zikianza huku Dar kelele ni zilezile, kizimba cha taka, pale zinapokusanywa kusubiri lori, kimefurika, nzi mpaka kwenye masufuria ya mama lishe, watu wa mtaa wanataka kifungwe. Anakuja mkaguzi, anaangalia ukuta, sakafu, anauliza kibali, anaandika faini, kaondoka. Na kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni za taka ngumu za 2009 hajakosea, kazi yake ndo hiyo.

Wanaotaka kifungwe siwalaumu. Nimesimama kwenye kimoja pembeni ya soko asubuhi, maji meusi yanachuruzika chini ya maganda ya ndizi na vichwa vya samaki, yanakatiza njia wanayopita watoto wa shule, na hatua chache tu kuna bibi kapanga mafungu yake ya dagaa. Huyo huwezi kumwambia avumilie.

Ila siku hiyohiyo alifika kijana na guta, kabeba taka za nyumba kama ishirini, akakuta geti lina kufuli. Nikamuuliza sasa unazipeleka wapi, hakunijibu, akageuza guta akashuka nalo bondeni. Mi hapo ndo roho inaniuma, maana kufunga kizimba hakupunguzi hata kiroba kimoja. Mkoa una watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022, wote wanapika, wote wanafagia, na zisipoenda kizimbani zinaenda mtaroni, mtaro unamwaga Mto Msimbazi, halafu masika ikifika barabara ya Jangwani haipitiki na tunaanza kutafuta mchawi.

Sasa kizimba kinafurikaje? Tangu dampo la Mtoni lilipofungwa miaka ya 2000 taka zinaenda dampo la Pugu Kinyamwezi, kutoka katikati ya mji ni kama kilomita 30, kwenda na kurudi 60, weka foleni ya Barabara ya Nyerere, weka foleni nyingine ya malori dampo kwenyewe, weka tope la masika linalonasa matairi, lori likipiga tripu mbili siku hiyo shukuru Mungu. Likiharibika gia siku tatu, anayesimamia kizimba afanye nini, azimeze? Na faini anaandikiwa yeye, tena pengine lori lenyewe ni la halmashauri, na afisa afya aliyekuja kukagua ni wa halmashauri hiyohiyo! Atajiandikia mwenyewe?

Najua wapo wakandarasi wa taka wajanja, ada wanakusanya nyumba hadi nyumba kisha lori "bovu" kila wiki, hao bila faini hawasogei, na wasimamizi wa mazingira wa taifa wakija na mkono mzito nitawaunga mkono kabisa. Lakini mjanja na aliyetelekezwa utawatofautishaje kwa kuangalia sakafu? Wote sakafu yao ni chafu.

Kinachotakiwa ni daftari tu pale getini, lori limeingia saa ngapi, limetoka na mzigo kiasi gani, limekosa siku zipi na ni la nani. Mkaguzi akifika aanze na hilo kabla ya kufungua kitabu cha faini, na kama daftari linaonyesha lori halijaja siku nne, barua iende kwa mwenye lori jioni hiyohiyo, na geti libaki wazi kijana wa guta ashushe mzigo wake.