Mchimbaji wa sarafu kajificha kwenye seva: bili alipe nani?

Kijana mmoja wa Mwanjelwa, mwenye programu ya kuuzia mbegu za viazi, alinipigia simu usiku. Seva yake, yaani kompyuta ya mbali anayoikodi mtandaoni, ilikuwa inajikongoja kama lori la mbao linalopanda Kitonga. Tulipofungua orodha ya kazi zinazoendelea tukakuta moja imemeza prosesa, ubongo wa kompyuta, karibu yote: kdevtmpfsi, programu ya kuchimba sarafu, yaani kuifanyisha kompyuta hesabu nyingi ili mwenye programu alipwe sarafu za kidijitali. Linux, mfumo unaoendesha seva hiyo, ina kdevtmpfs yake halali. Hii imeongezwa herufi i tu mwishoni. Tukaiua. Haikupita dakika ikafufuka, maana cron, ratiba ya kazi zinazojiendesha zenyewe, ilikuwa imepachikwa amri ya kuipakua upya. Mvamizi alipitia Redis, programu ya kuhifadhi data, kwenye mlango wake wa mtandao, bandari 6379, iliyoachwa wazi kwa dunia nzima bila nywila. Humo ndani akakuta funguo za akaunti ya kukodi seva, akawasha mashine nyingine kubwa kubwa. Bili ya mwezi ule ilizidi mauzo ya msimu.

Kampuni inayomkodisha seva ikamjibu kwamba wajibu ni wa pamoja: wao wanalinda mitambo, mteja analinda anachokiweka juu yake. Ni hoja nzito, siibezi. Ripoti ya Google ya 2021 iliangalia seva 50 za wateja wake zilizovamiwa: asilimia 86 zilitumika kuchimba sarafu, na karibu nusu ziliingiliwa kwa sababu ya nywila dhaifu au kutokuwa na nywila kabisa. Hata Tesla, mwaka 2018, ilikutwa imeacha paneli yake ya Kubernetes, mfumo wa kusimamia programu kwenye seva nyingi, bila nywila, na wachimbaji wamo ndani. Anayeacha mlango wazi ana sehemu yake ya kosa.

Ila tufuate pesa. Mwaka 2022 kampuni ya usalama ya Sysdig ilikadiria kwamba kwa kila dola 1 anayovuna mchimbaji, mwathirika hubebeshwa gharama ya dola 53. Sarafu inayopendwa ni Monero, kwa sababu tangu 2019 hesabu zake zimetengenezwa zifae prosesa za kawaida, zile zile tunazokodi. Mwizi anaondoka na makombo. Anayelipwa kwa saa zote zile ni mwenye mitambo, na hapo ndipo ninapokataa kwamba kosa ni la mteja peke yake.

Nyumbani tuna LUKU. Uniti zikiisha umeme unakatika, kwa hiyo jirani akijiunganishia waya usiku, hasara yako inaishia kwenye uniti ulizonunua. Kwenye seva, tahadhari ya bajeti kwa kawaida ni barua pepe tu. Mashine zinaendelea kunguruma. Wanaopinga kuwekwa ukomo wa bili unaozima mashine wanasema utazima biashara siku ya wateja wengi. Kweli, na mwenye mashine ya kusaga anajua uchungu wa uniti kuisha unga ukiwa katikati. Basi ukomo uwepo tangu siku ya kufungua akaunti, na anayetaka kuuondoa auondoe mwenyewe, kwa kujua.

Kijana wetu alisamehewa nusu ya deni, na barua iliita msamaha huo hisani. Bandari ameifunga, funguo amebadilisha zote. Nusu iliyobaki anailipa kidogo kidogo.